Ng'ombe Waliooa Nyumba Mbili

Bhoke aliolewa kwa ng'ombe wanane, na hawakulala hata miezi mitatu katika boma la baba yake. Kaka yake Magige alikuwa amechumbia, kwa hiyo ng'ombe wale wale wakaswagwa kwenda kumleta mchumba wake, Phanice. Watu wa Kuria hawakuona ajabu. Dada akiolewa, kaka naye hupata mke.

Mume wa Bhoke, Ryoba, alilima tumbaku, na kwa miaka sita waliishi vizuri. Kisha wanunuzi wakaacha kuja. Majani yakaozea ghalani, naye Ryoba akaenda kwenye machimbo ya dhahabu. Alirudi kila jioni amelowa matope, mikono mitupu, na akikaribishwa chakula alisema, "Nimekula huko."

Alisema hivyo jioni baada ya jioni. Bhoke akaanza kujiuliza ni mwanamke gani anayempikia. Hakuuliza. Alishona nguo za watu kwa cherehani yake, na kwa kile alichopata akanunua mtamba mmoja mwekundu.

Siku moja alirudi kutoka sokoni akakuta kamba tu.

"Nimeuza," Ryoba alisema, bila kumtazama. "Nimenunua sehemu kwenye shimo jipya. Likitoa, nitakununulia wawili."

Shimo lilitoa maji. Bhoke akambeba binti yao, Mourine, akachukua na cherehani, akarudi kwa baba yake.

Pale nyumbani Phanice alimpokea vizuri, akamwandalia maji ya kuoga. Lakini asubuhi ya tatu, wakichambua mboga, alishindwa kujizuia.

"Dada, ukiachana na Ryoba, watawataka ng'ombe wao. Na wale ng'ombe ndio mimi. Nina watoto watatu hapa. Niende wapi?"

Wiki iliyofuata Bhoke alihamia Kisegi, kwenye soko la samaki ambako hakuna aliyemjua, akapanga chumba na kuanza kushona sare za shule. Kijaluo alijifunza kwa wateja.

Hata hivyo wajomba zake Ryoba hawakunyamaza. Walimwita Bhoke, wakaketi na baba yake na Magige: mke arudi, au ng'ombe warudi. Magige aliinamisha kichwa. Alikuwa na ng'ombe wawili tu zizini.

Ndipo Ryoba aliposimama. Alikuwa amekonda hata koti likamning'inia.

"Mtamba wa huyu mama niliuza mimi, bila ruhusa yake," alisema. "Nanyi wajomba zangu mnajua. Hao ng'ombe sitaki wachukuliwe kwa nguvu. Mkimvunjia Magige nyumba, mimi nitapata nini?"

"Utaoa na nini tena?" mjomba mmoja akafoka.

"Niliyenaye nilishindwa kumlisha. Nioe mwingine nimfanyie nini?"

Kikao kikavunjika bila uamuzi. Nje, karibu na ua, Bhoke alimfuata.

"Baba Mourine. Yule aliyekuwa akikupikia huko machimboni ni nani?"

Ryoba alishangaa kwa kweli. "Kunipikia? Chakula kilikuwa kidogo. Nilitaka mle nyinyi."

Bhoke alilia pale pale, kwa hasira zaidi kuliko huruma. "Si ungesema! Mimi nimekuchukia mwaka mzima kwa mwanamke ambaye hayuko."

"Ningesemaje, Mama Mourine? Mwanaume unaanzaje kusema hivyo?"

Msomaji atatarajia kwamba alirudi naye. Hakurudi. Alikwisha kumsamehe njaa ile, lakini mtamba yule alimkaa moyoni, na Kisegi alikuwa na wateja wanaomngoja. Walikubaliana Mourine asome Kisegi na likizo aende kwa baba yake, ambaye sasa anafanya vibarua vya kujenga barabara.

Mwaka jana, baada ya mavuno ya mahindi, Magige aliwapelekea wajomba wa Ryoba ng'ombe mmoja bila kuulizwa. Anasema atamaliza wote, hata ikimchukua miaka kumi, ili dada yake awe huru. Bhoke alipoambiwa, alicheka.

"Mwambieni asijiue na kazi. Kwanza awasomeshe watoto wa Phanice."

Kisha akainama tena kwenye cherehani. Shule zilikuwa zikifunguliwa Jumatatu, na sare kumi na moja hazikuwa na vifungo.