Gari Lililosingiziwa Kunywa Maji

Juzi nilikuwa gereji moja ya Manzese nikisubiri breki zangu, akaingia mzee mmoja na mkewe.

"Fundi, gari linakunywa maji. Kila asubuhi naongeza, na chini sioni hata tone. Fungua injini tu."

Fundi alikagua mipira ya maji, rejeta na kifuniko chake, hakuona panapovuja. Akasimama mbele ya ile chupa ya plastiki ya kuongezea maji.

"Mzee wangu, hapa unajazaga mpaka wapi?"

"Mpaka mdomoni. Sasa nijaze nusu, kwani nina uchoyo?"

Fundi akaweka kidole kwenye mstari uliochorwa katikati ya chupa. "Mwisho hapa. Yakipata moto yanapanda, yaliyozidi yanamwagika njiani. Injini yako nzima."

"Na ulishataka ipasuliwe!" mkewe akamwambia, mikono kiunoni.

Mzee akanitazama mimi, eti nimtetee. Mama lishe akatuletea chai, vikombe vimejaa hadi visosi vinaogelea. Tulikunywa wote, na hakuna aliyesema vikombe vinavuja.