Marehemu Anarudia Mtihani

Jina la Marehemu hakupewa na wazazi wake. Alipewa karakanani, siku aliporudi mikono mitupu kutoka kwenye mtihani wa leseni ya ufundi umeme, akafanya kosa la kusimulia yaliyomkuta. Alizima swichi kuu, akaupima waya, taa ya testa haikuwaka, naye akaukamata waya kwa kiganja kizima kama anayemsalimia shemeji yake. Mtahini, mama mfupi mwenye miwani, hata sauti hakupandisha. "Kijana, umeshakufa," alisema. "Niitie anayefuata."

Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu hapo ikawa Marehemu leta bisibisi, Marehemu njoo unywe chai. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, mjomba wake, mwenye karakana.

"Kupima ni mara tatu," alimwambia. "Unaanza pale unapojua umeme upo, uone testa yako inafanya kazi. Unapima waya unaotaka kuugusa. Halafu unarudi pale pa kwanza, unapima tena. Testa nayo hufa, mpwa wangu, na hufa bila kuaga."

"Najua, mjomba. Niliona muda unaniishia."

"Ukaona bora uishe wewe?" Mjomba alijifuta mikono kwa tambara. "Sikiliza. Miguu yangu imechoka kupanda ngazi. Mwakani nataka mwenye leseni wa kunirithi hapa, na ningependa awe wewe. Ukianguka tena, nitatafuta mwingine. Sikutishi, nakwambia mapema."

Kumtisha nani? Hofu ilikwishahamia kwake na mizigo yake yote. Aliogopa kuanguka, ndiyo, lakini zaidi aliuogopa mkono wake mwenyewe. Mkono ule haukuuliza, uliukamata waya tu. Ni mara ngapi ulikwishafanya hivyo juu ya dari za watu, akashuka ngazi akipiga mluzi, asijue kwamba ni bahati tu iliyomshusha?

Basi akawa anapima kila kitu. Alipima soketi kabla ya kuchomeka pasi, akapima birika, na mlango wa friji akaufungua kwa nyuma ya kiganja. Mkewe alimvumilia, mwishowe akashindwa.

"Baba, na mimi nipime basi kabla hujanigusa."

Alicheka, lakini jasho lilikuwa limemtoka. Mama yake, aliyekuwa anaishi nao, hakuona cha kuchekesha. Siku fundi mwenzake alipopiga hodi akiuliza, "Marehemu yupo?" sufuria lilimponyoka bibi wa watu, akatoka na mwiko mkononi.

"Nimezaa mtu, sijazaa marehemu! Rudia tena uone!"

Siku ya mtihani alijikaza kisabuni. Chumba kilikuwa kilekile, chenye mbao za nyaya ukutani, na mtahini ni yuleyule mwenye miwani. Akazima swichi kuu ya ubao wake, akaifunga kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Akapima kwenye soketi iliyojulikana kuwa na umeme. Testa ikawaka. Akapima waya, kimya. Upande wa kushoto mwenzake alikuwa tayari anakaza skrubu, na mkono wa Marehemu ukaanza kuinuka wenyewe. Akaurudisha kwenye soketi.

Testa haikuwaka.

Akaigonga, akapima tena. Giza. Nimeharibu kifaa cha watu, akawaza, nimekwisha. Na swichi si ameifunga mwenyewe? Ufunguo si anao? Akigusa, pengine hapana kitu, na kazi itakwisha kwa wakati. Pengine.

Aliweka testa chini, akaificha mikono yake mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari.

"Siwezi kugusa," alisema, watu wakageuka. "Testa imekufa. Sijui kama waya huu una umeme."

"Muda wako unakwenda," alisema mtahini.

"Naona, mama. Siwezi kugusa."

Mtahini alimtazama. Mafundi wengine waliendelea na kazi, na yeye alisimama palepale mikono mgongoni, dakika zikimponyoka, akiiona karakana ya mjomba ikirithiwa na mtu mwingine. Kisha yule mama akatia mkono katika koti lake, akatoa testa nyingine.

"Shika. Na muda uliosimama nitakurudishia. Wewe uko hai, endelea."

Alipima upya, mara tatu zote, akafanya kazi yake. Jioni majina ya waliofaulu yaliposomwa, lake la kweli lilikuwamo. Alitoka hadi kwenye ngazi za nje, akakaa. Akampigia mama yake.

"Wamesemaje?" Mama hakuwa na muda wa salamu.

Alitaka kusema amefaulu, lakini kilichomtoka kilikuwa kingine.

"Wamesema niko hai, mama."

Akamsikia mama akilia, na mkewe nyuma akiuliza kuna nini.