Mkate wa Sinia Ulionitaja

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na anwani mbili za barua pepe, na nilijiona mjanja kweli. Ya kwanza nilipewa na ofisi ya kutoa mizigo bandarini, huko Ganjoni, nilikokuwa karani. Ilikuwa na jina langu na la baba yangu, na mambo yake yalikuwa makontena, ushuru na salamu za heshima. Ya pili niliifungua mwenyewe katika saiba moja, duka la intaneti, la Bondeni, kwa jina la kubuni. Bondeni nilikuchagua kwa sababu sisi tulikaa Mji wa Kale, nyuma ya Ngome, na kwetu hata kununua ndimu ni habari ya mtaa mzima. Ofisini nilikwenda uso wazi. Saiba niliingia nimejifunika uso kwa ninja. Mwenye saiba alinijua kwa macho tu, na nilitaka iwe hivyo.

Anwani hiyo ya pili ndiyo iliyonipeleka katika ukumbi wa mtandaoni wa watu wa pwani waliotawanyika Uarabuni, Uingereza na Kanada. Kila mtu humo alikuwa na jina la uongo na maneno ya kweli. Wakati huo nilikuwa nimeposwa na mwana wa shangazi yangu, aliyekuwa akikaa Maskati na mamake. Hakuwa na kasoro. Sikumtaka, basi. Baba alikuwa ameshampa dada yake neno, na nyumbani kwetu neno likitoka halirudi. Wazee husema mficha uchi hazai, lakini hawasemi aufunue wapi. Mimi niliufunua humo. Niliuliza: yuko mwanamke aliyemkataa binamu yake na akabaki mtoto wa kwao? Walinijibu wengi. Baadhi walinikaripia, mmoja akaniombea dua. Niliyasoma yote kwa raha ya mtu asiyejulikana.

Ramadhani ilipoingia, ukumbi uligeuka jiko. Wanawake walio mbali walililia vyakula vya kwao, na mmoja akaomba kufundishwa mkate wa sinia, wa nyumbani hasa, si wa kununua. Kiburi kikanipanda. Niliandika namna tunavyoupika sisi: mchele ulowekwe kwa maji ya dafu, na kabla ya kufunika na kutia makaa juu, unyunyizwe habasoda, zile mbegu nyeusi. Jina langu sikuliandika, wala mtaa. Niliona nimejihifadhi.

Mtu yeyote wa Mji wa Kale angenicheka. Kwetu, Ramadhani, kila nyumba hupeleka sahani ya futari kwa jirani, na anayepokea hana haja ya kuuliza imetoka wapi. Hufunua kawa, akaonja, akajua. Mkate wa sinia wenye habasoda ulikuwa wa nyumba moja tu, yetu, na bibi yangu aliwafunza watu wawili kuupika: mama yangu, na binti yake, ndiye shangazi yangu wa Maskati.

Siku chache baadaye simu ililia tukiwa tumemaliza kufuturu. Mama aliipokea, wakasalimiana kwa kirefu, kisha akaninyoshea mkono wa simu.

"Shangazio akutaka."

"Masalkheri, shangazi."

"Masalkheri, mwanangu. Binti yangu hunisomea mapishi kwenye hiyo kompyuta yake. Juzi kanisomea mkate wa mama. N'kamwambia, hebu nisomee na mengine aliyoandika mtu huyu."

Mama alikuwa papo hapo, akikunja mkeka. Nilisema "Naam", nikaibana simu sikioni.

"Watu wa Kanada wayajua yako kabla yangu mimi," alisema. "Hilo limeniuma. Ya mwanangu hayakuniuma sana, wanawake wako wengi. Lakini hukunambia mimi. Haya, nipa babako."

Nilimpa baba simu kwa woga. Baba alisikiliza kwa muda mrefu, akisema "ndiyo" na "haya", kisha akaiweka simu taratibu. Alisema mwana wa dadake amebadili nia, ati hayuko tayari kuoa. Aliyasema hayo akitazama ukuta, maana aliniona mimi ndiye niliyevunjiwa heshima.

Shangazi alikuwa amemtwika mwanawe lawama zote ili mimi nisitirike. Nilifurahi, furaha kubwa mno, na sikuwa na pahala pa kuiweka. Kesho yake mtaani nilikuwa msichana aliyekataliwa. Waliokuja na sahani zao waliniombea subira, na mimi nikaitikia amina. Mama alinilaza mapajani pake akalia, akaniambia sikustahili kufanyiwa hivyo, akamwapiza kijana wa watu asiyejua lolote. Nilimwacha anibembeleze, nikauficha uso wangu katika leso yake asione kwamba silii.