Kurasa Zilizochanwa

Fundi cherehani alikuwa msomaji asiyetosheka. Wiki ile alikuwa amemrudishia muuza vitabu wa sokoni riwaya mpya mbili: moja ilijaa maneno matupu, na nyingine mwandishi wake kila akikwama anaua mtu. Ya tatu ilimteka. Aliisoma mguu ukiwa kwenye cherehani, mpaka akakuta kurasa za mwisho zimechanwa.

Roho haikutulia. Aliacha gauni la mteja bila mkono mmoja, akarudi kwa muuza vitabu, akaelekezwa kwa muuguzi mstaafu aliyeiuza riwaya ile.

"Shikamoo, mama. Kurasa za mwisho ziko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nilizichana mwenyewe. Yule binti anamrudia mume aliyemtesa!"

Fundi alishika kiuno. "Anarudi? Baada ya yote yale?"

"Tena anaomba radhi yeye!"

"Basi ulifanya vyema."

Muuguzi akacheka, akamvuta ndani hadi kwenye kabati lake la vitabu. Walibishana mpaka chai ikapoa. Fundi aliondoka na riwaya nne kwapani, na kabla hajafika njia panda alikuwa ameshaifungua ya kwanza.