Mayi ya Mujomba Kasonde

Donat Mutale alikuwa muntu ya moto. Nasema hivi juu kazi yake ilikuwa kutia makaa mu tumbo ya locomotive, miaka makumi mbili na moja, toka Élisabethville mupaka Sakania na kurudi. Tulikaa naye parcelle moja pa Kamalondo, yeye na bibi yake Laurentine mu nyumba ya mbele, mimi nyuma. Hakukuwa muntu ya maneno mingi. Akitoka kazi alivua viatu, alikaa ku kiti, na uliweza kupita mbele yake mara tatu bila yeye kukuona. Haikuwa kiburi. Alikuwa amechoka tu, ile kuchoka yenye usingizi hauimalize.

Ni mwezi wa munane tu njo alikuwa anabadilika. Kila mwaka, kwa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, alienda kwao. Na kwenda haikuwa kitu ya kuamuka na kubeba kifurushi. Kwanza chef wa kazi aandike congé, ruhusa ya kupumzika, kiisha uende ku bureau ya serikali kuomba mutation, karatasi ya safari, juu bila ile karatasi polisi anaweza kukukamata mu kijiji yako mwenyewe, mbele ya mama yako. Donat alianza kuzunguka na kofia mukononi toka mwezi wa sita. Laurentine alimucheka, akisema ile mateso yote ni juu ya kula bukari, ugali ya mama.

Ilikuwa kweli. Mama yake, Mama Chola, alikuwa angali anamuita Kanono, ni kusema kadogo, na yeye alikuwa na mvi. Kule kwao alikaa siku munane kama mutoto. Alilala muchana, alikaripiwa juu ya mikono yenye haikunawa, alipewa paja ya kuku mbele ya wengine. Siku moja aliniambia: «Mu zile siku munane, hakuna muntu ananiomba kitu.» Njo hii alienda kutafuta, haikuwa ingine.

Mwaka wa 1951 niliomba kumusindikiza. Padri mwenye alinibatiza, kule kwetu kaskazini, alikuwa amehamishwa ku mission ya karibu na kijiji ya Donat, na nilitaka kumusalimia mbele hajarudia Ulaya.

Lakini ile mwaka kulikuwa neno. Mujomba Kasonde, yaya ya Mama Chola, ni kusema kaka yake mukubwa, alikufa wakati ya mvua. Kwa bale bantu, jina ya mukubwa haiachwe chini. Jamaa inachagua muntu, anapewa mayi yenye unga kidogo mu kibuyu, anakunywa, na toka pale yeye njo marehemu. Banamuita kwa ile jina. Batoto ya marehemu ni batoto yake, na ndugu ya marehemu ni ndugu yake. Jamaa ilikuwa imechagua Godefroid, mutoto ya dada mukubwa ya Mama Chola, na balikuwa balitangaza kazi itafanywa siku moja mbele ya sikukuu. Donat alijua hii yote. Alikuwa na furaha kwamba ni Godefroid.

Treni ilituacha ku gare ndogo asubuhi. Kiisha ni kutembea, saa saba nzima, majani imeungua pande mbili, vumbi nyeusi mu pua. Chupa yetu ya mayi iliisha katikati ya njia. Tulipofika, lupango, kiwanja ya Mama Chola, ilikuwa kimya. Ku baraza, juu ya kiti kidogo, kulikuwa kibuyu. Kila mwaka mama yake alimuwekea mayi pale pale. Donat alitua kifurushi, alishika kibuyu na mikono mbili, alikunywa mupaka chini.

Muzee Mukuka, mukubwa mumoja ya jamaa, mwenye alikuwa anasinzia nyuma ya nguzo, alifungua macho.

«Amekunywa,» alisema.

Padri alikuwa ameomba bantu bafike mission siku moja mbele, kwa kuungama. Basi jamaa balisogeza kazi, ifanywe ile siku tulifika. Nyumba ya Kasonde ilikuwa imebomolewa, njo maana balileta kibuyu kwa dada yake. Balikuwa nyuma ya nyumba, bote, banamungoja Godefroid amalize kufunga cravate ku shingo.

Balibishana mupaka jua kushuka. Donat alisema ni kosa, bamwage ile na kutayarisha ingine. Bengine balikubali. Mukuka alikataa. Alisema: «Kasonde ameingia mule. Tutamutoa na nini, na kidole?»

Godefroid, yeye, alikuja na cravate yake, aliangalia kibuyu, aliangalia Donat, na uso wake ulifunguka kama mulango. Alikuwa mukubwa kwa Donat, zamani alimupigaka ku muto kila siku. Alipiga magoti.

«Mujomba, nguo yangu ya sikukuu imechakaa. Uliniahidi ingine.»

«Nilikuahidi wapi?»

«Mbele hujakufa.»

Bantu balicheka, hata miye. Donat hakucheka.

Kesho yake, ku mission, alienda kwa padri, na niliona kwamba ametia tumaini yote mule, padri akataze ile kazi. Padri aliuliza kama kuna mujane wa kurithi. Hakuna, bibi ya Kasonde alitangulia kufa. Aliuliza kama baliomba mizimu. Hapana, mayi na unga tu. Basi padri alisema haone dhambi pale, jamaa inahitaji mukubwa, aende na amani. Donat alitoka kama muntu mwenye wamemunyima congé.

Siku ya sikukuu, kiisha misa, jamaa zilikaa kula nje ya kanisa, kila moja na sufuria yake. Donat alienda kukaa chini, karibu na mama yake, fasi yake ya kila mwaka. Balimuletea kiti. Alikataa, balikiacha tu pale nyuma yake mupaka akakaa. Mama Chola aliweka sahani mbele yake. Kiisha alikaa chini kwa udongo, akakunja miguu, akapiga makofi polepole, vile mwanamuke anasalimia ndugu yake mukubwa.

«Yaya,» alisema.

Donat alimuinamia. «Mama, ni miye.»

«Najua. Si nilikuzaa? Lakini yaya yangu alikufa, jirani Kalenga anakata mupaka ya shamba yangu kila siku, nyumba inavuja. Nitaambia nani?»

Donat alisukuma sahani pembeni. Alipanguza mikono ku suruali, ingawa ilikuwa safi.

«Sema, ndugu yangu,» alisema.

Mama Chola alisema mupaka bukari ikakauka juu. Nyuma yake kulikuwa mwingine anangoja, na nyuma ya ule mwingine. Mu zile siku munane sikumuona kulala muchana hata mara moja.

Aliendelea kwenda kila mwaka, na kofia mukononi toka mwezi wa sita, juu sasa balikuwa banamungoja. Mama Chola alikufa mwaka wa 1956. Ku kilio, balimukalisha Donat na bandugu ya marehemu. Batoto balikuwa upande ingine, banalia na kujitupa chini, na hakuna mwenye alibazuia. Donat alikaa wima ku kiti, alishika fimbo ya mujomba wake, na alilia kidogo, vile inafaa mukubwa.