Glasi ya Kocha

Mpira siujui na sina haja ya kuujua. Wachezaji ndio nawajua, maana miaka ishirini na mbili wanakunywa kwenye baa yangu kila Alhamisi baada ya mazoezi, na matope ya viatu vyao nayadeki mimi, Oliva.

Kwetu Asturias, kaskazini mwa Hispania, pombe ya tufaha hainywewi kichoyo. Meza nzima glasi moja. Mtu mmoja anasimama, anainua chupa juu ya kichwa, anamimina funda moja tu. Mwenzake analigida papo hapo, anabakiza tone la kusuuzia mahali midomo ilipogusa, glasi inakwenda kwa mwingine. Kwa miaka kumi na minne mwenye chupa alikuwa Eloy Barreda, kiungo wetu. Uwanjani aligawa mpira, mezani akagawa pombe, wala hakumruka mtu. Ujanani alicheza huko kusini kwenye timu kubwa kubwa, akarudi na goti bovu, bila mke wala mtoto. Ile meza ndiyo ilikuwa nyumba yake.

Mwezi wa sita alitundika daluga. Mwezi wa saba mwenyekiti wa klabu akampa timu aifundishe.

Alhamisi ya kwanza alikuja moja kwa moja kwenye kiti chake, kando ya Cosme, beki wa kati, waliyebatizwa naye siku moja. Wenzake walikuwa wanacheka kuhusu nani kategea mazoezi. Kicheko kikakatika. Eloy akanyoosha mkono kuchukua chupa, Telmo, yule winga, akamuwahi.

"Pumzika kocha, tutamimina sisi."

"Kocha ndiye nani? Mimi Eloy, bwege wewe!"

Wakacheka kidogo, cheko la kanisani. Kisha Telmo akaita, "Dada Oliva! Mletee kocha glasi yake."

Nikampelekea, glasi safi, peke yake. Najuta mpaka leo. Walidhani wanamheshimu, wajinga wale, na mimi mjinga zaidi. Alikunywa mara moja, akaaga.

Tangu hapo akawa anakaa mwisho wa kaunta, karibu na mashine ya kahawa, anachora vikosi kwenye karatasi za kufutia mikono. Alikula maharage yake bila kuinua kichwa. Meza ikicheka, naye alitabasamu, lakini kwa kuchelewa, kama mtu anayesikia redio ya jirani. Nilimhurumia, na huruma yangu huwa inatoka kama hasira. Nilimzidishia soseji nikamfokea amalize.

Ikafika mechi ya mwisho: tukishindwa, tunashuka daraja. Alhamisi ya kabla yake Eloy aliniambia, "Oliva, Jumapili Cosme haanzi. Miguu imekwisha."

"Umemwambia?"

"Naogopa. Huyo ndiye pekee anayeniita jina langu."

"Mwambie leo hii, tena usoni. Akija kujisomea kikosi ubaoni, mimi sikuuzii hata maji."

Alimtoa Cosme nje, wakasimama barazani. Nikawaona dirishani: Cosme anatikisa kichwa kukubali, anatikisa tena, halafu akapandisha kola, akaondoka na mvua yote ile.

Jumapili tulishinda moja bila. Baa ilijaa mpaka mlangoni, glasi ikizunguka, chupa mkononi mwa Cosme. Eloy akaingia. Wakampigia makofi, wakampisha. Akasimama pembeni ya meza, akangoja. Cosme akammiminia Telmo, akammiminia kipa, akammiminia mwenyekiti. Eloy akanyoosha mkono.

Cosme akautazama ule mkono.

"Oliva," akasema, taratibu, bila hasira yoyote, "mletee kocha glasi yake."

Eloy akarudi kaunta, mahali pake. Nikaweka glasi, nikainua chupa juu ya kichwa nimimine mwenyewe. Sijawahi kuliweza jambo hilo; nusu ilinimwagikia miguuni.

"Jamani, dada anadeki kwa pombe!" Telmo akapiga kelele, na watu wakaangua kicheko.

Eloy hakucheka. Aliisukuma glasi kwangu.

"Anza wewe, Oliva."

Nikanywa. Nikabakiza tone, nikasuuza mahali nilipogusa, nikammiminia. Akagida, akasuuza, akanirudishia glasi. Macho yake yalikuwa mekundu, na yangu pia.

Tulimaliza chupa mbili, sisi wawili, pale kwenye mashine ya kahawa.