Pakia Upya

Mkuu wetu wa kitengo alikuwa hawezi kukuumiza bila kukusalimia kwanza. Sabalkheri, umeamkaje, wazee hawajambo, na mvua hii huko Kuze hamkuvujiwa? Akishakuuliza hata habari za paka wenu, humwita mtu wa karibu aje asikie, ndipo akwambie alichokuja kukwambia, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Nimewahi kumwona mhasibu wetu, mwanamume mzima, akiambiwa hivyo mbele ya wageni kwamba kinywa chake kinanuka. Lilivyopambwa kwa adabu neno lile, yule bwana alijikuta anasema ahsante.

Ofisi ilikuwa Ganjoni, ghorofani, juu ya duka la dawa. Tulitunza kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati kadhaa za watu binafsi hapo kisiwani. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, wa kwanza katika nyumba yetu kufanya kazi ya kompyuta, na mamangu alikuwa akiwatajia majirani mpaka nikaona haya kupita uchochoroni.

Meza ya pili kutoka yangu alikaa mama mmoja wa Kaloleni, Mgiriama, mtu wa kanisani, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Sote tulimwita Mama. Kazi yake ilikuwa kuingiza kumbukumbu za wagonjwa, na alikuwa ameifanya tangu kampuni ilipoanza. Mkuu alimkuta pale. Siku ya kwanza alipoingia, alimwona Mama amesimama karibu na birika, akadhani ndiye mfagiaji, akamwagiza chai. Mama akamletea chai, akamwekea na kisahani, kisha akarudi kuketi mezani kwake na kuwasha kompyuta. Watu wakacheka. Mama hakucheka, lakini mkuu hakuangalia ni nani aliyecheka na nani ambaye hakucheka. Nasema hivi kwa sababu watu wameniuliza mara nyingi yule mama alimkosea nini, na mimi kosa jingine silijui.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuhamisha kumbukumbu zote kutoka seva ya zamani, iliyokuwa ikinguruma katika chumba cha nyuma, kwenda kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizoko ng'ambo. Uhamisho wa namna hii haufanywi mara moja kama kuhama nyumba. Unanakili kila kitu kwanza, kisha ile kazi ya kunakili unaiacha hai: mgonjwa akiandikishwa huku, anatokea na kule. Unaweza kuiendesha kwa kubonyeza vitufe kwenye ukurasa, lakini mimi nilitaka iendeshwe na programu. Wenye wingu wanatoa maktaba kwa ajili hiyo, mkusanyiko wa amri zilizokwisha kutengenezwa. Unaiita amri kwa jina lake, unaitajia kazi unayotaka ianze, na unaiambia ianze vipi. Hapo ndipo penye maneno matatu ya kuchagua. Anza, ikiwa ni mara ya kwanza. Endelea, pale ilipokatikia. Na pakia upya, ambalo maana yake ni: futa kilichoko upande wa pili, kisha lete vyote tangu mwanzo.

Programu yenyewe ilikuwa mistari michache tu. Siku ilipoanza kufanya kazi, nikaona majina ya wagonjwa yanamiminika upande wa pili bila mkono wa mtu, nilifurahi kama niliyezaa. Mama alikuja kusimama nyuma yangu akatazama. "Wanakwenda wenyewe?" akauliza. Nikamwambia wanakwenda wenyewe. Akasema, "Basi na wafike salama."

Sasa, seva ya zamani ilikuwa na nafasi ya jina na simu, basi. Na kwetu Mji wa Kale ukiita jina moja mtaani, nusu ya baraza inageuka. Upande mpya ulikuwa na nafasi ya jina la babu, ya mtaa, na ya dawa zinazomdhuru mgonjwa. Mkuu mwenyewe alimwagiza Mama azijaze nafasi hizo moja kwa moja upande mpya, na Mama akazijaza kwa kuwapigia watu simu, mmoja baada ya mmoja. Nilikuwa nikimsikia kutwa. "Hujambo, mwanangu. Nakupigia kutoka kumbukumbu za zahanati. Usishtuke, hakuna mgonjwa." Kisha anauliza jina la babu. Kisha anauliza kama kuna dawa iliyowahi kumvimbisha mtu au kumwasha mwili. Watu wakimweleza mambo ambayo hakuyauliza, naye hakumkata mtu kauli. Akimaliza hushika sikio lake lililopata moto, akapiga nyingine. Tangu baada ya Idi mpaka mvua za masika, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Nilimwomba mkuu ruhusa ya kuwasha nakala za akiba upande mpya. Alinijibu kwamba tutaziwasha mambo yakitulia. Nikamkumbusha mara ya pili, akaniambia, "Binti, hofu haifai kwa msichana mwenye elimu."

Mvua zilipokaza, mtandao ulikatika na ile kazi ya kunakili ikasimama. Asubuhi uliporudi, nilikaa niianzishe tena. Mkuu akaja, akanisalimia kwa urefu, akavuta kiti.

"Nionyeshe unavyofanya," akasema. "Nami nijue. Siku ukiolewa tutafanyaje?"

Nikamwonyesha. Nikamwonyesha mahali pa kuandika neno, na kwamba leo neno ni endelea.

"Na hili jingine, pakia upya?"

"Hilo linafuta, bwana. Linafuta upande mpya wote kisha linaleta vya zamani. Kazi ya Mama yote itakwenda."

"Yote?"

"Yote. Seva ya zamani haina aliyoyaandika."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea ushauri mzuri. "Hebu niachie kiti," akasema. Nikaondoka kitini, kwa sababu alikuwa mkuu na kwa sababu nilidhani anataka kujaribu kuandika endelea kwa mkono wake. Akageuka, akaita, "Mama yangu, njoo utazame. Njoo uone mashine zinavyofanya kazi."

Mama akaja, anafuta miwani kwa ncha ya blauzi. Mkuu akaandika. Nililiona neno kabla hajalimaliza, nikasema, "Bwana, silo hilo," nikanyoosha mkono. Akaufunika mkono wangu kwa wake, taratibu, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse sufuria ya moto, na kwa mkono wa pili akabonyeza.

Hesabu ya kumbukumbu kwenye kioo ikashuka mpaka sifuri. Kisha ikaanza kupanda. Mama hakujua kusoma mambo yale; aliona nambari zinaongezeka mbio, akatabasamu. "Wanakwenda tena wenyewe," akaniambia. Mkuu akamwachia afurahi. Akasubiri nambari zitulie, akampisha kwenye kiti, akamwambia, "Mama yangu, nifungulie mgonjwa mmoja katika wale uliowashughulikia jana. Nataka nione kazi yako."

Mama akafungua mmoja. Nafasi ya jina la babu ilikuwa tupu, ya mtaa tupu, ya dawa tupu. Akafungua mwingine, kisha mwingine. Akavaa miwani, akaivua. Akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Labda sikuhifadhi."

"Labda," mkuu akasema.

"Jana niliandika. Nakumbuka, yule kijana wa Kibokoni, dawa ya vidonda ilimvimbisha midomo. Niliandika."

"Mama, si wewe," nikasema. "Ni yeye amefuta. Sasa hivi, mbele yako."

Mkuu alinitazama bila hasira yoyote. "Binti," akasema, "umeulizwa?"

Nyumbani nilimsimulia mamangu. Nilitarajia atakuja juu. Aliendelea kukunja nguo, akasema, "Wewe umesalimika?" Nikamwambia mimi nimesalimika. "Basi mdomo wako uutulize. Wangapi hapa Kuze wana shahada na wameketi barazani?" Nikamwambia nimeshasema, na kesho nitasema tena. Alinipa mgongo mpaka wakati wa chakula.

Nikasema tena. Mkurugenzi, bibi mmoja mtulivu aliyekuwa akija ofisini mara mojamoja, alituita sote watatu. Mkuu alieleza kwamba kumekuwa na hitilafu, na kwamba mwingizaji hana hakika kama alihifadhi kazi yake. Nami nikaeleza nilichokiona: nani alikaa kitini, neno gani aliandika, na kwamba nilimwonya kabla. Mkurugenzi akasikiliza mpaka mwisho.

"Programu ameiandika nani?" akaniuliza.

"Mimi."

"Na ina uwezo wa kufuta?"

"Maktaba ndiyo yenye uwezo huo, bibi. Programu inaita tu—"

"Ina uwezo au haina?"

"Inao."

"Ukatengeneza kitu chenye uwezo wa kufuta kazi ya mtu, ukakiweka mezani." Akamgeukia Mama. "Na wewe hukuweka nakala popote."

Mama akasema hakuambiwa aweke. Mkurugenzi akafunga mkoba wake. Mimi na Mama tulipewa onyo, na Mama akaamriwa aanze tena tangu mwanzo. Tulipotoka, mkuu alitushikia mlango.

Akaanza tena. Mara ya kwanza watu walikuwa wamempokea vizuri. Mara hii walichoka naye. "Si ulishaniuliza wewe?" nikisikia simu ikimfokea. Wengine walimcheka. Mmoja alimwambia kwamba kama amezeeka awapishe vijana. Mama anaomba radhi, anasema kosa ni letu, anauliza tena jina la babu. Nilijitolea kumsaidia kupiga, mkuu akakataza. Alisema kila mtu abebe mzigo wake, na akaisogeza meza yangu upande wa pili wa chumba.

Siku moja nilimwona Mama ameacha kuandika, simu imebaki sikioni. Alikuwa amepiga nyumba moja ya Mji wa Kale, akamtaka mzee aliyezungumza naye siku zile za mwanzo, mcheshi mmoja aliyemhadithia habari za ugonjwa wake wa gauti nusu saa. Mkewe ndiye aliyepokea. Mzee alikuwa amekwisha kuzikwa, na yule bibi alikuwa bado yumo edani. Mama akampa pole, akataka kukata. Mkuu alikuwa amesimama karibu naye, anasikiliza kama ilivyokuwa ada yake.

"Hujauliza dawa," akamnong'oneza.

Mama akamtazama.

"Kumbukumbu ni kumbukumbu, mama yangu. Aliye hai na aliyekufa, wote wamo. Uliza."

Na Mama akamwuliza mjane yule ni dawa gani zilizokuwa zikimdhuru mumewe. Nilisikia sauti ya mwanamke ikilia ndani ya simu, mbali, nyembamba. Mama akaandika alichoambiwa. Akaweka simu, akaenda msalani, akakaa huko kitambo. Mkuu akaangalia saa yake.

Akaimaliza kazi ile. Mimi nilikuwa nimeirekebisha programu isikubali neno lile hata likiandikwa, na nakala za akiba niliziwasha bila ruhusa ya mtu, kwa hiyo mara hii hakuna aliyeweza kuifuta. Nilimwambia Mama hivyo, naye alifurahi, akanishika shavu. Sikujua, wala yeye hakujua, kwamba kazi ikishakamilika na ikishalindwa, mwenye kuifanya hahitajiki tena.

Mkuu aliandaa karamu. Sambusa, bajia, soda, na keki yenye maandishi. Tukasimama duara. Akamsifu Mama kwa maneno ambayo hata mtoto wake wa kumzaa asingeyapata, uvumilivu, uaminifu, ucha Mungu, na watu wakapiga makofi. Kisha, kwa sauti ileile, akasema kwamba kwa bahati njema mfumo mpya utajazwa na zahanati zenyewe, na kwamba kampuni inamwachia Mama akapumzike kwao kuanzia kesho. Mtu mmoja alikuwa bado anapiga makofi. Akashusha mikono.

"Na tumekununulia kitu," mkuu akasema.

Ilikuwa leso ya kujitanda, doti mpya, nyekundu na nyeusi, yenye harufu ya duka. Pwani hakuna anayempa mtu leso bila kusoma jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Unaweza kuhama mtaa kwa sababu ya leso. Mama akaikunjua, na sisi wanawake tuliokuwa mbele tukasoma pamoja naye: ULIDHANI NI KWAKO KUMBE NI KWA WENYEWE.

Mhasibu alitazama viatu vyake. Msichana wa mapokezi, wa Mji wa Kale kama mimi, aliweka sahani yake chini, akatoka nje. Mama akasoma polepole, midomo inacheza. Akaikunja kwa mikunjo iliyokuja nayo kutoka dukani.

"Ahsante, bosi," akasema. "Rangi nzuri."

Nilichukua mkoba wake na kipanka chake cha mezani, kile kifeni kidogo alichojinunulia mwenyewe, nikamsindikiza mpaka Mwembe Tayari kwenye basi la kwao. Njiani nilimwambia nami nitaondoka. Akasema, "Usiondoke kwa ajili yangu. Ondoka ukishapata kwingine." Nikafuata shauri lake, ilinichukua mwaka mzima, na kila siku ya mwaka ule nilijibu sabalkheri.

Basi lilikuwa karibu tupu bado. Nikampandishia vitu vyake. Kiti cha dirishani kilikuwa kimechanika, sponji imetokeza nje, na mvua ilikuwa imekilowesha. Mama alikitazama. Kisha akaitoa ile leso kwenye mfuko, akaikunjua yote, akaitandika upande wenye maandishi juu, akayanyoosha vizuri kwa kiganja yasijikunje. Akaketi juu yake kwa uzito wake wote, akajisogeza huku na huku mpaka akakaa sawa.

"Nipe hicho kipanka," akaniambia, "nikipakate."